Mwaka Tuliokula Nyama Kila Siku

Ndugu yangu Ouko tulimzika mwezi uliopita kule Suna, karibu na mji wa Migori, akiwa mzee mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, na tulimzika mbele ya simba. Wajukuu wangu waliokulia Nakuru waliuliza ni simba gani huyo, kwa hivyo acha nieleze sasa hivi, maana mimi nikianza kusema husahau nilikuwa naelekea wapi. Simba ninayotaja hapa si mnyama. Kwetu Wajaluo ni nyumba ndogo ya kijana ambaye hajaoa, inajengwa karibu na lango la baba yake, na kijana akishaoa na kupata watoto anatoka hapo anaenda kufungua boma lake mwenyewe. Ouko hakutoka. Alikaa katika nyumba ya kijana mpaka meno yakamwisha, na alipokufa wazee walibishana kidogo tu kisha wakasema achimbiwe hapo mlangoni pake, kwa sababu mtu ambaye hakufungua boma huwezi kumzika katika boma ambalo halipo. Kaburi lilikuwa karibu sana na ukuta. Wachimbaji walilazimika kusimama upande mmoja tu, wakigongana viwiko.

Tulipomaliza, watu wakakaa chini ya turubai kula, na mjukuu wangu Brayo akaja kukaa nami na sahani yake ya wali. Brayo ana duka la simu, au alikuwa nalo, siku hizi hataki tuliulizie. Akaniambia, "Dani, nyanya yangu, usilie sana. Ukweli usemwe, babu Ouko shida yake ilikuwa fikra. Alikuwa na fikra za umaskini." Akatoa kwenye mfuko wa koti kitabu chenye picha ya mwanamume anayecheka, akanifunulia ukurasa aliochora mistari. "Sikiliza. Maskini anagawa, tajiri anakusanya. Umeelewa, dani? Anakusanya!" Mimi nikacheka. Nilicheka hadi nikaweka sahani chini, hadi wakamwana zangu wakaja kunishika mabega wakidhani msiba umenipanda kichwani. Brayo akaona aibu akarudisha kitabu mfukoni. Sikuwa namcheka yeye. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo zamani sana, nikiwa nimeinamia chungu cha mboga, nikiwa na umri mdogo kuliko wake, na yaliyotokea baada ya maneno hayo ndiyo tuliyokuwa tumetoka kuyafukia udongo. Nilisoma hadi darasa la tatu tu, kwa hivyo atakayesoma hapa anivumilie. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu hao wa Nakuru Dholuo chao kinaishia kwenye salamu.

Mwaka wenyewe siujui kwa namba. Ulikuwa baada ya Uhuru, bendera ingali mpya, na kila mtu alikuwa akingoja kitu ambacho hakukitaja jina. Nilikuwa nimeolewa na Owino, mkulima wa pamba, juu kidogo ya bonde la Lambwe, upande wa kwenda Magunga. Leo huko chini ni mbuga ya wanyama, watalii wanalipa kuingia. Wakati ule kilikuwa kichaka tu, na katika kichaka kulikuwa na nzi wale wanaoitwa mbung'o, sisi tunawaita maugo, ambao wakimuuma ng'ombe anakonda huku anakula. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ambayo Owino aliiunda kwa mbao za sanduku la chai, na bado ungeweza kusoma maandishi ya sanduku ukiinama chini ya meza. Chumba cha nyuma kilikuwa cha kulala. Mimi nilipika pembeni, kwenye jiko la mafiga matatu lililoegemea ukuta, na ukuta huo ulikuwa na ufa, kwa hivyo kila kilichosemwa mezani nilikisikia. Sikuwa na haja ya kutega masikio. Maneno yalikuja pamoja na moshi.

Sasa mambo ya ng'ombe. Owino alikuwa amenilipia mahari nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa inangojwa Suna, na aliyekuwa anaingoja kuliko wote ni Ouko, kwa sababu kwetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Wanaingia lango hili, wanatoka lile. Ouko alikuwa amekubaliana na msichana anaitwa Anyango, msichana mrefu, mcheshi, na baba yake Anyango alikuwa amesema wazi kwamba atangoja mpaka wimbi livunwe, likishavunwa hangoji tena, kwa sababu kuna askari jela kutoka Kisumu anayepita pita hapo na baiskeli yake. Owino aliahidi. Na ahadi haikuwa ya uongo, ng'ombe alikuwa nao, ila hawakuwa nyumbani. Nyumbani tulikuwa na wachache wa kukamua tu. Wengine walikuwa kwa rafiki yake Okombo kisiwani Rusinga, wengine kwa wajomba zake kwenye vilima vya Gwassi, mmoja na ndama wake kwa mjane Min Adera aliyeishi njia ya Magunga. Hivyo ndivyo watu walivyofuga. Unampa rafiki ng'ombe akulishie, yeye anakunywa maziwa, na ng'ombe akishazaa mara kadhaa rafiki anapewa ndama awe wake kabisa. Ugonjwa ukiingia kwako, kuna wengine kule. Njaa ikiingia kule, wanakuja kwako bila kuomba radhi. Hakuna aliyetufundisha jambo hili, kama vile hakuna anayekufundisha kukaa upande wa kivuli.

Kabla wimbi halijakomaa Owino alipeleka pamba Homa Bay. Alipanda lori, akalala huko, akarudi na mafuta ya taa, chumvi, sabuni ya mche, na kitabu. Alikinunua kwa mtu aliyetandika gunia karibu na soko na kupanga juu yake Biblia, vitabu vya kutafsiri ndoto, vya kuandika barua za mapenzi, na hicho. Owino mwenyewe alinisimulia, akicheka, kwamba muuzaji alivaa koti zuri sana na viatu vilivyofunguka midomo mpaka vidole vilikuwa vinasalimia watu. Alinieleza hilo kama kichekesho cha safari. Halikumwingia kwamba mtu huyo alikuwa amekalia siri ya utajiri kwenye gunia kutwa nzima na hakuwa na viatu. Nami pia halikuniingia. Nilifurahia sabuni.

Owino alikuwa Msabato, na Jumamosi baada ya kanisa hakuna kazi, kwa hivyo Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kitabu. Alikisoma kwa sauti ya mhubiri. Kiswahili cha kitabu kilikuwa cha pwani, kigumu, na palipomshinda aliruka kama mtu anayevuka mtaro. Jirani yetu Okech, mzee wa kuezeka nyumba, alikuwa akija kusikiliza. Okech hakuwa wa dini yoyote na alipenda ubishi kuliko chakula, ingawa chakula pia hakukikataa. Nakumbuka siku moja nilikuwa napika osuga, ile mboga chungu tunayotia maziwa na kuilaza mpaka uchungu upoe, na ndani nikamsikia Owino:

"'Mali ambayo huamki ukaiona kwa macho yako si mali yako.' Umesikia, jaduong', mzee wangu?"

"Nimesikia. Kwa hivyo ukiwa kipofu wewe ni maskini."

"Si hivyo! Sikiliza mbele. 'Rafiki anayekula faida yako ni mwizi anayekuchekea. Kusanya kwanza, kisha geuza. Uza kwa wingi, kwa mnunuzi mkubwa, nunua kitu kimoja kikubwa kinachozaa.'"

"Kitu gani kinazaa kuliko ng'ombe?"

"Mashine. Mashine ya kusaga unga. Wanawake wote wa hapa wanatembea mpaka wapi kusaga? Watakuja kwangu."

"Huyu aliyeandika," Okech akasema, "ana ng'ombe wangapi?"

"Ana gari. Picha yake iko hapa, ameegemea gari."

"Gari haliumwi na maugo. Na nikuulize, omera, ndugu yangu. Wewe ukigundua kichuguu kinachotoa kumbikumbi wengi, unapiga ngoma kuita kijiji kizima?"

"Siwezi. Nafunika kwa majani, nakaa kimya."

"Basi huyu wa gari anapigia nani ngoma?"

Nilicheka huko jikoni. Owino pia alicheka, alikuwa mtu wa kucheka upesi. Lakini baada ya kicheko alirudi palepale aliposomea. Hilo nimelitafakari miaka mingi. Tunadhani mtu anadanganywa kwa sababu hakuna aliyemwambia. Owino aliambiwa, tena kwa mfano mzuri, na akaukubali mfano. Ila Okech alikuwa akimwambia jambo alilolijua tangu utoto, na kitabu kilikuwa kikimwambia jambo jipya, tena lililopigwa chapa, na mwaka ule sisi tulikuwa tumechoka na mambo tuliyoyajua tangu utoto. Tuliyaona ndiyo yaliyotuacha nyuma. Na sitasema kitabu kilikuwa cha uongo chote. Labda mahali pa yule mtu wa gari, ambapo mali ni karatasi katika nyumba ya benki, ukizikusanya pamoja haziambukizani.

Nilimngoja Okech aondoke, nikapakua ugali na osuga, nikauliza, "Wuon Adoyo, na ng'ombe wa Ouko?" Wuon Adoyo ni baba yake Adoyo, ndivyo nilivyomwita kwa jina la mtoto wetu, naye aliniita Nyar Suna, binti wa Suna.

Akajibu huku anakula, bila ubaya wowote usoni. "Nyar Suna, ng'ombe wa Ouko wamo. Nikiuza wote pamoja nikanunua mashine, nitamlipa Ouko kwa pesa ya mashine, na nitamwongezea. Wewe hutaki kaka yako aongezewe?"

"Anyango anangojwa na askari jela."

"Wimbi halijavunwa bado. Nipe chumvi."

Nikampa chumvi. Mke kijana wa wakati ule alikuwa na maneno mengi moyoni na mikono miwili ya kutoa chumvi.

Alianza na Gwassi, kwa wajomba, wakampa bila kumkaribisha chakula. Kisha Min Adera. Huyo mjane alitoa ng'ombe na ndama, akafunga kamba mwenyewe, akaomba tu amkamue mara ya mwisho, na Owino akasimama kando akingoja. Rusinga nilikwenda naye, kwa sababu kuvusha ng'ombe kunataka mikono. Siku hizi kuna barabara juu ya maji hadi Mbita. Wakati ule ng'ombe walivuka wakiogelea nyuma ya mtumbwi, mtu ameshika pembe, ng'ombe anapuliza maji kwa pua kama mtoto anayelia. Okombo alitupokea kama ndugu. Mkewe alipika samaki ngege wa mchuzi, akaniwekea mimi kichwa kwa sababu alijua napenda kichwa. Tulikula tukacheka. Baada ya kunawa Owino akasema alichokuja kusema, na akataja wote, pamoja na mtamba mmoja mweusi mwenye miguu myeupe.

Okombo alimaliza kufuta mikono. Kisha akasema, "Owino, osiepna, rafiki yangu, huyo mtamba ulinipa mwaka juzi. Ulisema kwa mdomo wako, hapa, ukikalia kiti hicho."

"Nilisema. Lakini mama yake si wangu? Aliyezaa ni wangu, aliyezaliwa ni wa nani?"

"Yawa! Haya umeyatoa wapi?"

"Dunia inabadilika, Okombo. Tukiendelea kula-kulana hivi hakuna atakayeinuka."

"Kula-kulana," Okombo akarudia polepole, akamtazama mkewe, na mkewe akatazama mifupa ya samaki kwenye sahani zetu. "Wachukue. Wachukue wote. Mimi sitapeleka mtu kwa chifu kwa sababu ya mtamba." Alitusaidia mwenyewe kuwaingiza majini. Alishika pembe za yule mweusi mpaka maji yakamfika shingoni, kisha akaachia. Katika mtumbwi Owino alikuwa anaimba wimbo wa kanisa. Mimi nilikuwa natazama nyuma, na mke wa Okombo alikuwa bado amesimama ufukweni na kibuyu cha maziwa mkononi, akikitazama kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwenyewe asiyerudi.

Acha niseme ukweli, kwa majuma machache boma letu lilikuwa zuri. Sijawahi kuishi katika utajiri kabla wala baada, kwa hivyo najua vizuri harufu yake: ilikuwa samadi na maziwa. Ng'ombe walijaa mpaka walikuwa wanaegemeana. Asubuhi Owino alitoka na blanketi mabegani, akasimama kuwatazama, kama kitabu kilivyomwagiza, ameamka anaiona mali yake. Watu walipita njiani wakisimama. Walianza kumwita "Bwana Tajiri," naye alijifanya hataki. Mnunuzi mkubwa, mfanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa Kisii, alituma neno kwamba atakuja wakishanenepa kidogo. Sasa wingi ule ulihitaji nyasi, na kilimani nyasi ziliisha upesi, zilikuwa nyasi za ng'ombe wachache. Chini bondeni zilikuwa zimesimama mpaka kiunoni, za kijani, hakuna mtu anayezigusa. Kila mtu alijua kwa nini hazikuguswa. Okech alikuja mwenyewe akasimama langoni, siku hiyo hakuleta utani. "Owino, usiwashushe huko." Owino akasema watashuka asubuhi tu kabla jua halijawa kali, na moshi utawashwa. Akasema mnunuzi yuko karibu. Mtu mwenye ng'ombe wachache hakuwahi kuhitaji nyasi za bonde. Ni kukusanya ndiko kulikotupeleka huko.

Wa kwanza kuugua alikuwa yule wa Min Adera. Nywele zilisimama, macho yakawa yanatoa machozi, akawa anakula na kukonda, anakula na kukonda. Kisha wawili wakatoa mimba. Bwana Mifugo alikuja na sindano yake, akawatazama kwa kuzunguka boma, akamwuliza Owino, "Mzee, wote hawa ni wa hapa?" Owino akasema ni wake. Yule bwana akasema, "Sikuuliza ni wa nani. Nimeuliza walikuwa hapa?" Alichoma wachache kwa dawa iliyokuwapo, kisha akaweka karantini. Asitoke ng'ombe hata mmoja, si kwa mnunuzi, si kwa mahari, si kwa chochote. Kwa hivyo hata wale ambao bado walisimama vizuri, ambao tungewaswaga kwenda Suna wiki hiyo hiyo tukamwokoa Ouko, walifungwa pamoja na wagonjwa wakangoja zamu yao.

Walikufa bila haraka. Na kwa kuwa hatukuwa na namna nyingine, tulikula. Huu ndio mwaka ambao mimi nilikula nyama kila siku. Nilipika nyama asubuhi, nikapika nyama jioni, bila mboga, kwa sababu nani ana nguvu ya kuchuma mboga akiwa anachuna ngozi. Kamba za nyama zilitundikwa nyumba nzima, chumba cha mbele juu ya meza, chumba cha kulala juu ya kitanda, mpaka mtoto wetu Adoyo aliota kwamba zinamshika nywele. Majirani walikuja kula. Mwanzoni walikuja na pole, halafu wakaja na visu. Siku moja nilimsikia mwanamke akimwambia mwenzake huko nje, "Haya, si alisema ataamka aione mali yake? Ameiona mpaka maini." Na yule mwingine akasema, "Ssh, Nyar Suna anasikia." Ilikuwa kweli, nilikuwa nasikia. Harufu ya mafuta ya nyama iliingia katika nguo, katika maji ya kunywa, katika Biblia ya Owino. Mpaka leo kwenye harusi nikiletewa sahani ya nyama, ninaipitisha kwa aliye karibu, na watu husema huyu mama ana heshima.

Owino alirudi kwenye kitabu. Nilimwona mchana kweupe, amekaa mezani na kamba za nyama zinaning'inia juu yake, akifunua kurasa kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu kutoka mwisho. Nilimwuliza anatafuta nini. Akasema, "Natafuta kama amesema mahali ng'ombe wakifa." Hakuwa amesema mahali popote. Mtu wa kitabu hakufiwa na kitu hata kimoja, kurasa zote.

Ndipo akamkumbuka Okombo. Kwa desturi yetu, mtu aliyefiwa na mifugo huenda kwa rafiki zake, na rafiki hampi pole ya mdomo, humpa mtamba aanze upya. Owino alifikiri akipata mtamba Rusinga, na mwingine Gwassi, na karantini ikiisha, angalau Suna waone mwanzo. Akaenda. Aliporudi hakutaka kula. Alikaa, akanisimulia huku anatazama mikono yake. Alisema Okombo alimpokea vizuri sana. Alimtolea kiti akakiweka nje kivulini, si ndani. Akaletewa chai katika kikombe chenye kisahani. "Nyar Suna," akaniambia, "nilipewa kijiko." Nikaelewa. Mtu ambaye mlikuwa mnachovya ugali bakuli moja akikupa kijiko, umekwisha kuwa mgeni. Alipoomba, Okombo hakumtukana. Alisema tu, "Owino, ningekuwa na ng'ombe wako hapa, ningekurudishia wako na wangu mmoja juu yake. Lakini ulinifundisha kwamba kila mtu na chake. Mimi si mwepesi kujifunza, ila nikishajifunza ni vigumu kusahau." Gwassi hakwenda tena. Kwa Min Adera angeenda kuomba nini?

Watu huniuliza, Owino alikuwa mtu mbaya? Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema aliyefundishwa kuuona wema wake kama ujinga, na akaona aibu, akauacha. Alikufa bado kijana kiasi, akiwa mlinzi wa usiku kwenye duka la Mhindi Homa Bay, akilinda mali ambayo aliamka akaiona kwa macho yake kila siku na haikuwa yake. Anyango aliolewa na askari jela kabla mvua hazijarudi. Ouko hakulaani mtu. Alichonga mipini ya majembe, akauza sokoni Migori, akalea watoto wa wengine kwa kuwabeba mabegani, na kila mwaka alisema mwaka ujao ataoa, mpaka ikawa mzaha wake mwenyewe, mpaka akaacha kuusema. Sasa Brayo ananiambia zilikuwa fikra.

Lakini nilitaka kusema ile siku. Wimbi lilikuwa limeshavunwa Suna, na Owino hakuweza kwenda, uso wake haukuweza. Nikaenda mimi. Nilijaza kikapu nyama iliyokaushwa, kwa sababu binti haendi kwao mikono mitupu na hatukuwa na kitu kingine cha kubeba. Nikapata lori hadi Homa Bay, kisha basi hadi Migori, na kutoka barabarani nikatembea na kikapu kichwani. Nilipofika kwenye kona ya mkonge nikamwona Ouko langoni. Alikuwa anatoa miiba, anapanua lango ili ng'ombe wengi wapite bila kuumizana. Alikuwa ameshatoa ya upande mmoja. Aliponiona akatupa panga chini akaja mbio, akanipokea kikapu, akakinusa akacheka.

"Nyaminwa! Dada yetu! Umetangulia kumwambia mama apike! Wanaume wako wapi na ng'ombe?"

Nilifungua mdomo. Yeye alikuwa tayari anatazama njia nyuma yangu, juu ya bega langu.

"Wamewanywesha mtoni, siyo? Hapo mtoni ng'ombe wageni wanasumbua kuvuka, hawajui jiwe liko wapi. Wamechoka, wacha nikawasaidie."

Akachukua fimbo, akashuka. Mimi nikamfuata mama ndani, nikamwambia yeye, kwa sababu kwa mama maneno yalipita. Mama hakulia. Aliweka chungu motoni, akatia ile nyama na maji, akaanza kukoroga ingawa nyama haikorogwi.

Ouko alirudi jua likiwa limelala. Alikuwa na tope mpaka magotini. Nadhani alivuka, akaenda mpaka ng'ambo, akapanda kilima cha kule kutazama barabara yote. Aliegemeza fimbo ukutani, akanawa mikono, akakaa. Mama akampakulia. Alichukua kipande, akakitazama upande huu na upande huu, akakitia mdomoni, akatafuna muda mrefu kwa sababu nyama kavu ni ngumu.

"Huyu," akaniuliza, "alikuwa rangi gani?"

Nikamwambia alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso.

Akaitikia kwa kichwa. "Baba yake Anyango anapenda wekundu," akasema, akaendelea kutafuna.